Herufi za Gunzi

Kwa miaka mingi mama yangu aliandika bila kujua kusoma. Nikisema hivyo watu hudhani natania, kwa hiyo afadhali nieleze.

Kwetu, kwenye vilima vya Karatu upande wa Oldeani, Krismasi haiingii kwenye nyumba chafu. Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu wanawake hukanda udongo, huziba nyufa zilizoletwa na mvua na mbuzi, kisha hupaka majivu yaliyochekechwa mpaka ukuta uwe mweupe. Halafu upande unaotazama njia huandikwa salamu, ili kila anayekwenda kanisani aisome: KRISMASI NJEMA NA HERI YA MWAKA MPYA. Nyumba nyingi huandikwa na watoto wa shule, na utazijua tu. Maneno huanza kwa kiburi juu ya mlango na kuishia yamebanana chini ya dirisha, mwaka mpya ukiwa hauna hata pa kukaa. Kwetu aliandika mama. Kazi yangu mimi, msomi wa nyumba, ilikuwa kuchora salamu ile chini kwenye vumbi kwa kijiti. Yeye aliinama akaitazama, akanyanyuka, akaihamishia ukutani kwa gunzi la mahindi.

Gunzi ni kile kinachobaki ukishapukuchua punje zote. Mama alilikata ncha kwa mshazari, akalichovya kwenye udongo mwekundu uliokorogwa na maji, au kwenye unga mweusi wa betri kuukuu za redio, au kwenye bluu ya kufulia kama ilikuwepo, kisha akalikandamiza ukutani huku akiliviringisha kidogo kidogo. Mstari wa gunzi hauwi sawa hata siku moja. Huanza mwembamba, hunenepa pale mkono unapolemea, na mwisho huacha mkia. Ukiutazama kwa karibu utaona alama za vitundu vya mahali punje zilipokuwa. Kwa hiyo herufi za mama zilikuwa na matumbo na miguu mifupi, na zilisimama zimeegemeana kama watu wanaotoka harusini. Wapita njia walisimama wakacheka, tena kicheko kizuri, kisha wakaendelea na safari yao ya kanisani.

Hakujua kila moja inasema nini. Salamu nzima aliijua kwa moyo, kama sala, na alijua kwamba ndani yake mna watu kumi na watatu, ambao baadhi yao hurudi zaidi ya mara moja. Ndivyo alivyowaita, watu. R alikuwa mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. K alikuwa anapiga teke. H lango la zizi, M milima miwili, P upawa, E kitana cha meno matatu. Mimi nilikuwa na miaka tisa na majivuno ya mtu aliyeanza kusoma juzi, nikamcheka. Yeye hakukasirika, alinituma maji.

Sasa nina duka la steshenari mjini Karatu. Natoa fotokopi, nachapa kadi za harusi na fulana za vikundi vya kwaya, nakata stika za magari ya watalii, natengeneza mabango. Kwa muda mrefu nilitumia herufi zilizokuja na kompyuta, zilezile anazotumia jirani yangu mwenye duka kama langu, zilezile za Arusha. Saluni, duka la mbolea, baa na kanisa vilionekana vimeandikwa na mtu mmoja, na mtu mwenyewe hana hamu ya kuishi. Ilinikera, lakini sikuwa na dawa.

Dawa ilikuwa nyumbani. Desemba moja niliupiga picha ukuta wa mama kwa simu, na niliporudi dukani nikaifungua picha ile kwenye kompyuta, nikaikuza, nikakaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Nilijifunza kwa video za bure za mtandaoni jinsi ya kutengeneza fonti, yaani seti ya herufi inayokaa ndani ya kompyuta, ukibonyeza K inakuja K yako mwenyewe. Nilizifuatisha herufi za mama ukingo kwa ukingo, pamoja na mikia na vitundu vyake. Ilinichukua miezi. Siku niliyobonyeza kitufe na R ya mama ikatokea kwenye kioo imebeba mtoto wake, nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho akauliza kama nimeng'atwa.

Nazijua herufi hizi mahali pake. Si za barua. Ukiandikia aya nzima, msomaji ataumwa kichwa. Ni za maneno machache yanayotakiwa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara na kumfanya mtu atabasamu kabla hajajua anasoma nini. Nimeziweka kwenye saluni, kwenye vifuniko vya tairi za akiba za magari ya safari, kwenye mwaliko wa kipaimara. Mtu mmoja alizitaka kwa duka la dawa, nikamkatalia, kwa sababu dawa inataka herufi zilizosimama wima zikakutazama machoni. Mwingine alizitaka kwa bango la msiba. Huyo nilimpeleka kwa mama, na mama akamwambia kwa upole kwamba hawa ni watu wa sikukuu, wakienda msibani watafanya utoto.

Ila palikuwa na shimo, na mimi nililijua tangu mwanzo. Salamu ya Krismasi ina herufi kumi na tatu tu. Kumi na moja nyingine za alfabeti ya Kiswahili mama hakuwahi kuzichora maishani mwake: hakuna B, hakuna D, hakuna L, hakuna O. Wateja hawangoji. Nikaziunda mwenyewe kwenye kompyuta. Nilikata P mbili nikazipandisha moja juu ya nyingine ikawa B. I niliilaza juu ya I nyingine ikawa T. O niliichora kwa duara la kompyuta, nikaipaka vitundu vya gunzi juu yake ili ionekane ya nyumbani. Nikajisifu kwamba hakuna atakayejua.

Kazi kubwa ya kwanza ilitoka kwa kijana mwenye mgahawa wa kahawa, kando ya barabara inayokwenda lango la hifadhi. Alitaka bango refu la maneno matatu: KAHAWA YA NGORONGORO. "Dada, hii fonti ni noma," aliniambia lilipopandishwa, na watalii wakaanza kulipiga picha kabla hata ya kuagiza kikombe. Wiki hiyohiyo alinipigia simu mwalimu wa chekechea kutoka Piyaya, mama wa Kimasai mwenye sauti ya haraka. Alikuwa ameiona picha ya bango, akaniomba nimchapie kadi za alfabeti nzima, kubwa, za kubandika ukutani. Watoto wake, alisema, wanakuja darasani wanajua kila ng'ombe wa boma lao kwa sura, lakini herufi za kitabu zote kwao zinafanana. Nikamwambia zitakuwa tayari mwisho wa mwezi.

Siku ya mnada mama alikuja mjini kununua chumvi na jembe. Nilimshika mkono, nikamvusha barabara, nikamgeuza. "Aayo, tazama juu." Aayo ndivyo Wairaqw tunavyomwita mama. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kuingia ukungu na la kushoto lilikuwa linafuata nyuma, lakini alilifumba lile bovu na kuinua kidevu. Mimi nilingoja sifa. Kusema kweli, nilikuwa nimeshaandaa na uso wa unyenyekevu.

"Hawa wangu," alisema, akipitisha kidole chini ya maneno mawili ya kwanza. Akafika kwenye neno la tatu. "Huyu wangu. Huyu hapana. Huyu hapana. Huyu wangu." Akaenda hivyo mpaka mwisho, halafu akanionyesha vidole sita. G mbili na O nne. Hakukosea hata moja.

"Zote zimetoka ukutani kwako, Aayo," nilisema.

"Huyu mviringo hajatoka kwangu. Hana mwanzo wala mwisho. Mkono uliingilia wapi?" Akasogea karibu. "Na hawa wanne, mama yao aliwazaa siku moja? Wamefanana mpaka makovu."

Kijana wa mgahawa alikuwa amesimama mlangoni. "Shikamoo, mama. Mbona wateja hawajaona tofauti?"

"Marahaba, mwanangu. Wateja hawakuwazaa," alijibu, akachukua jembe lake.

Jioni ile tulikaa nyumbani kwake tukichambua maharage. Aliniuliza bila kuinua kichwa. "Wamebaki wangapi?"

"Nani?"

"Usijifanye. Hao ambao sijawachora."

"Kumi na moja."

"Na wewe unawajua wote?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la kwanza, Aayo."

Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa, akaendelea. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mama huyu aliuza mbaazi na kuku ili mimi nikae kwenye dawati. Kila Desemba nilipiga magoti mbele yake na kijiti mkononi, nikamchorea zile kumi na tatu zilezile, na hata mara moja haikunijia kwamba angependa kuwajua wengine. Nilimwona fundi, nilimwona kichekesho, baadaye nikamwona biashara. Mwanafunzi sikumwona.

Nilimweleza habari za mwalimu wa Piyaya. Alikung'uta maharage. "Na hao watoto ungewapelekea hawa mayatima wako?" Nikamwambia hapana. "Basi kesho uniletee gunzi kavu. Mimi nitawafanya wote."

Masharti yalikuwa yake. Nimchoree herufi moja kwenye vumbi, nimwambie inasema nini, halafu nimwondokee. Alianza na O, kwa sababu ndiyo iliyomuudhi. Niliporudi, ukuta wa nje wa jiko ulikuwa na chungu chekundu, tumbo pana, kitako kimebonyea kidogo. "Kisicho na kitako kitabingirika," alisema. Kando yake alikuwa amechora kingine, na kingine, na kingine, vyungu vinne, kila kimoja na unene wake. Akaniambia ni kwa ajili ya lile neno refu, wasije wakafanana tena.

Ilikuwa L siku iliyofuata, mtu aliyekaa chini akanyoosha miguu. Kisha U, hori la ng'ombe. T alitokea akiwa mwanamke aliyejitwika kuni. Alizirudia sauti zao akiwa anapika, akigusa ukuta kila anapopita, na mimi niliposikia "le, u, te" zikitoka jikoni nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Lakini ukungu ulikuwa unakimbia kuliko gunzi. Nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wataanza na la kulia, na nafasi ipo wiki ileile. Muuguzi alimpima kwa bango la wasiojua kusoma, lile lenye E peke yake iliyogeuzwa huku na huku, unaonyesha kwa vidole meno yanatazama wapi. Mama hakuona zaidi ya mstari wa juu. Nikasema tunaichukua hiyo nafasi. Mama akasema hapana.

Tuligombana njia nzima. Sijivunii maneno yangu.

"Wakikosea?" aliuliza. "Nitabaki na saba ambao sijawachora."

"Mimi sitaki herufi! Nataka uone!"

"Wewe unataka kimoja. Mimi nataka vyote viwili, na mkono ninao leo."

Nilimwambia ana ubishi wa punda. Akasema punda ndiye aliyenisomesha. Na ni kweli, tulikuwa na punda na alibeba mbaazi zote zile. Tukakubaliana wiki tatu. Nilimwomba muuguzi atusogezee tarehe, akatusogezea, na mama akaahidi kwamba herufi ya mwisho ikikauka atapanda gari bila kusukumwa.

Wiki tatu zile wengine walikuja mmoja mmoja. B alikuja na matumbo mawili, C akiwa chungu kilichovunjika upande mmoja, D mwenye tumbo kubwa kuliko wote. F ilimchekesha mwenyewe: ni kitana kilekile cha Krismasi, alisema, kimeng'oka jino la chini. G ilimtesa siku mbili. Kufikia V alikuwa hauoni tena mstari aliouacha. Aliweka kiganja cha kushoto ukutani, akapapasa unyevu wa rangi, ndipo akajua gunzi liendelee wapi. Nilisimama nyuma ya nyumba nikijifanya napasua kuni. Nilikuwa nalia, na shoka halikushuka hata mara moja, kwa hiyo nadhani alijua.

Z aliichora siku moja kabla ya safari. Ilikuwa ile barabara inayopanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, pana kwenye kona, nyembamba kwenye mteremko. Akanawa mikono. "Nisomee wote," alisema, nikamsomea kuanzia mwanzo, naye akawa ananitangulia. Picha nilizipiga jua likiwa bado kali, kila herufi mara tatu.

Hospitalini waliniletea fomu ya ridhaa. Nilimpa kalamu, lakini hakuuona mstari. Akacheka kidogo. "Safari hii kidole," alisema, akabonyeza dole gumba kwenye wino kama alivyofanya maisha yake yote.

Usiniulize jinsi nilivyokaa kwenye lile benchi. Nilikuwa na kompyuta mapajani, nikaifungua ili mikono iwe na kazi, nikaanza kuwatoa mayatima wangu mmoja mmoja na kuwaweka wenyewe mahali pao. Chungu cha kwanza, chungu cha pili, cha tatu, cha nne. Niliipanga fonti ibadilishe O kila inaporudi, kama mama alivyotaka. Nilikuwa nimefika kwenye Z waliponiambia amemaliza na yuko salama.

Kesho yake asubuhi muuguzi alimfungua bandeji. Mama alipepesa jicho, likatoa machozi, akaitazama mikono yake pande zote mbili, kisha akanitazama mimi. "Umenenepa," alisema. Nikamshukuru Mungu.

Muuguzi alitundika lile bango la E. "Haya mama, tuonyeshe kwa vidole. Meno yanatazama wapi?"

"Hicho kitana nimekichoka," alisema mama. "Lile jingine lipo?"

Muuguzi alinigeukia, halafu akamrudia kwa sauti ya taratibu. "Lile ni la wanaojua kusoma, mama yangu."

"Ndilo hilohilo."

Basi akaligeuza. Upande wa pili palikuwa na herufi za hospitali, nyeusi, zimesimama wima, hakuna mwenye tumbo wala mkia. E juu peke yake. Chini yake F na P. Chini yao T, O, Z. Nilihesabu haraka: mwezi mmoja nyuma, kwenye mistari ile mitatu, angewatambua E na P tu. Nikashika chuma cha kitanda.

Mama alinyoosha shingo. Alilifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akalishusha lile jingine mstari kwa mstari, akalipandisha tena, mpaka muuguzi akainua mkono ili aligeuze bango tena.

"Ngoja, mwanangu," mama alimwambia. "Wamekonda. Lakini nawajua."

Akanyoosha kidole, akaanza na yule wa juu.